Karatasi Iliyotengwa na Ndugu Zake

Nani kati yetu hajanunua karanga sokoni akapewa zimefungwa katika karatasi ya kitabu? Mama anafika nyumbani, anamimina karanga sahanini, na mtoto aliyeanza kusoma anaichukua karatasi ile, anainyosha juu ya goti lake na kuisoma. Kisa kimeanza katikati: mtu fulani amefika mtoni, mtumbwi wake umepinduka, anashika gogo, na hapo karatasi inakwisha. Mtoto anauliza: "Baba, mtu huyu aliokoka?" Baba hana jibu. Kitabu chenyewe ki wapi? Nani alikitunga? Kilipigwa chapa mji gani? Karatasi haisemi. Imetengwa na ndugu zake, nayo imekuwa kama yatima asiyejua jina la ukoo wake.

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mayatima wa namna hiyo, ila hawa wana umri wa miaka zaidi ya 500. Ni karatasi za vitabu vya kwanza vilivyopigwa chapa katika Ulaya. Wako watu wanaozikusanya moja moja, wanazipima, wanaziandika katika orodha na kuzitafutia ndugu zao. Pengine kazi yao itaonekana kuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Tunawaomba mtusikilize hata mwisho, maana ndani yake mna swali linaloigusa kila nyumba yenye kitabu.

VITABU VYA UTOTONI

Wataalamu huviita vitabu hivyo kwa neno la Kilatini, incunabula. Maana yake ni nguo anazofungwa mtoto mchanga, au kitanda anacholazwa. Ndivyo vitabu vyote vilivyopigwa chapa katika Ulaya kwa herufi za madini, tangu Johannes Gutenberg alipoanza kazi hiyo mjini Mainz, Ujerumani, yapata katikati ya karne ya 15, hata mwisho wa mwaka 1500. Wachina na Wakorea walikuwa wamekwisha kujua kupiga chapa kabla yake. Katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris kimewekwa kitabu cha Kikorea cha mwaka 1377 kilichopigwa chapa kwa herufi za madini. Lakini ufundi wa Mainz ndio ulioenea Ulaya nzima kwa upesi wa ajabu. Kabla ya karne kwisha, ulikuwa umefika katika miji zaidi ya 200. Katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, Dirk Martens alianza kupiga chapa katika mji wa Aalst mwaka 1473.

Kitabu kikubwa cha kwanza cha Gutenberg kilikuwa Biblia ya Kilatini. Huitwa Biblia ya mistari 42, kwa sababu kurasa zake nyingi zina mistari 42 katika kila safu, na kila ukurasa una safu mbili. Mwezi wa Machi 1455, Enea Silvio Piccolomini, ambaye baadaye alikuwa Papa Pio II, aliandika barua kwamba alikuwa ameziona karatasi za Biblia hiyo mjini Frankfurt, na kwamba maandiko yake yalikuwa safi hata mtu aweza kuyasoma pasipo miwani. Nakala zilizopigwa zilikuwa yapata 180, nyingine juu ya karatasi, nyingine juu ya ngozi iliyolainishwa. Leo zimebaki 49 hivi, na nyingi kati ya hizo zina upungufu.

Tukumbuke kwamba wakati huo mashine ilipiga wino mweusi tu kwa sehemu kubwa ya kazi. Mwenye kununua kitabu alikipeleka kwa fundi mwingine aliyetia kwa mkono herufi kubwa nyekundu na buluu, na mwisho kwa mjalidi. Kwa hiyo nakala mbili za kitabu kimoja zafanana kwa chapa, lakini hazifanani kwa rangi wala kwa jalada. Jambo hilo litatusaidia mbele.

WALIOOKOLEWA KWA BAHATI

Karatasi moja yaachanaje na kitabu chake? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni bahati, na ya pili ni mkasi.

Zamani wajalidi hawakutupa kitu. Kitabu kilichochakaa, au karatasi zilizoharibika katika chapa, zilinunuliwa kwa bei ndogo, zikakatwa na kubandikwa ndani ya majalada ya vitabu vipya ili kuyatia nguvu. Hivyo kitabu kimoja kilikufa ili kingine kipate mgongo. Baada ya miaka mia nne, jalada lilipofunguka, ile karatasi ya ndani ilitoka gizani.

Sisi walimu yafaa tuukumbuke mfano wa Donatus. Huyo alikuwa mwalimu wa Roma wa karne ya 4, aliyetunga kitabu kidogo cha sarufi ya Kilatini. Kwa muda wa miaka elfu na zaidi, watoto wa shule za Ulaya walijifunza kwa kitabu hicho. Gutenberg alikipiga chapa mara nyingi, maana kilipata wanunuzi kila mwaka. Je, ni nakala ngapi nzima za chapa zake zilizobaki? Hakuna hata moja. Watoto walizishika kwa mikono yenye jasho, wakazikunja, wakaandika pembeni, hata zikaisha. Yote tuyajuayo juu ya sarufi hizo za Gutenberg tumeyapata katika vipande vya ngozi vilivyotolewa ndani ya majalada.

Kisa kingine ni kile cha kipande kidogo cha karatasi kilichopatikana Mainz mwaka 1892, ndani ya jalada la daftari la zamani. Kina mistari 11 kila upande, nayo yasimulia kwa Kijerumani habari za Hukumu ya mwisho. Herufi zake ni za namna ya kale sana, hata wataalamu wengi wanakihesabu kuwa miongoni mwa chapa za kwanza kabisa zilizobaki za Gutenberg. Kwa kitabu chote kile, kimebaki kipande hicho kimoja. Kama mtu aliyefungua jalada lile angalikitupa motoni kama takataka, tusingalijua ya kuwa kitabu hicho kilipata kuwako.

FUNDI WA VIATU WA LONDON

Mtu wa kwanza mwenye sifa kubwa katika kukusanya karatasi moja moja alikuwa John Bagford wa London. Alizaliwa yapata 1650, akafanya kazi ya kushona viatu, kisha akaanza kuwatafutia matajiri vitabu vya kale. Hakusoma shule kubwa, lakini macho yake yalizoea herufi kama macho ya mwindaji yalivyozoea nyayo. Alitaka kuandika historia ya kupiga chapa. Ili aweze kulinganisha, alikusanya kurasa za mbele za vitabu, karatasi tupu zenye alama, vipande vya majalada na mifano ya herufi, akavibandika katika madaftari makubwa. Mwaka 1707 alitangaza kwamba atakitoa kitabu chake. Alikufa mwaka 1716 na kitabu hakijaandikwa. Makusanyo yake yalipata nafasi katika maktaba ya bwana mkubwa Robert Harley, na leo yamo katika Maktaba ya Uingereza.

Sifa yake imegawanyika. Mwaka 1880 William Blades, mpiga chapa na mtaalamu wa vitabu vya kale, alitoa kitabu juu ya adui za vitabu. Alihesabu moto, maji, vumbi na mdudu mla karatasi. Kisha akawahesabu wakusanyaji pia, na Bagford akamweka mbele yao kwa maneno makali. Wengine waliofuata wamemtetea, wakionyesha kwamba karatasi zake nyingi zilitoka katika vitabu vilivyokwisha kuharibika na katika takataka za wajalidi. Kama ndivyo, basi aliokoa vitu ambavyo wenzake walivitupa. Lakini kwa kila karatasi swali ni lile lile: uliikuta peke yake, au wewe ndiwe uliyeitenga?

MKASI

Katika karne ya 20 mkasi ulipata kazi nyingi. Mwaka 1905 chama cha wapenda vitabu mjini Chicago kilitoa kitabu juu ya maisha ya William Caxton, mtu wa kwanza kupiga chapa Uingereza. Ndani ya nakala 148 za kitabu hicho ilitiwa karatasi moja ya kweli ya kale, iliyotoka katika kitabu kimoja cha Caxton kilichokuwa na upungufu.

Kisha ikaja zamu ya Biblia yenyewe ya Gutenberg. Nakala moja ilikuwa imekaa katika nyumba ya wakuu wa Ujerumani, ikaingia maktaba ya mfalme mjini Munich, na mwaka 1832 ikauzwa kwa sababu maktaba ilikuwa na nakala nyingine. Mwingereza Robert Curzon aliipata, ikabaki katika jamaa yake hata ikauzwa London mwaka 1920. Haikuwa kamili, karatasi zake kadha wa kadha zilikuwa zimepotea. Mfanya biashara wa New York, Gabriel Wells, aliinunua, akaifungua, na mwaka 1921 akaanza kuiuza vipande vipande: huku kitabu kizima cha Agano, huku karatasi moja moja, kila moja katika jalada zuri jeusi pamoja na maelezo ya A. Edward Newton.

Tusiharakishe kuwahukumu watu hawa kana kwamba walikuwa wezi. Walikuwa na hoja, nayo yastahili kusikilizwa. Otto Ege alikuwa mwalimu wa ufundi wa maandiko huko Cleveland, Marekani. Mwaka 1938 aliandika wazi katika gazeti moja kwamba yeye ni mvunja vitabu. Alisema kwamba shule ndogo na mtu wa kipato kidogo hawawezi kamwe kununua kitabu kizima cha kale, lakini wote waweza kupata karatasi moja, waishike mikononi, waonje uzuri wake. Alitengeneza masanduku 40, kila moja na karatasi 50 kutoka vitabu 50 vya mkono vya kale, akauza pia karatasi za Biblia mashuhuri zilizopigwa chapa. Sisi ambao tumefundisha darasani pasipo ramani wala picha twaielewa tamaa hiyo. Mtoto akigusa kitu, hawezi kukisahau.

Lakini tuulize: ni kitu gani kilichopotea? Kitabu ni zaidi ya jumla ya karatasi zake. Mshono waonyesha jinsi vitita vya karatasi vilivyopangwa. Jalada laonyesha mji wa mjalidi. Jina lililoandikwa mbele laonyesha mwenye kitabu, na maneno ya pembeni yaonyesha alivyosoma. Katika vitabu vingi vya utotoni, jina la mpiga chapa, mji na mwaka vimeandikwa mwisho kabisa; mwenye kununua karatasi ya katikati hapati hata moja katika hayo matatu. Mkikata ngoma vipande ili kila mtu wa kijiji apate sehemu yake, kila mtu atakwenda nyumbani na ngozi, na hakuna atakayesikia mlio. Faida ya biashara ilikuwa kubwa: karatasi zikiuzwa moja moja zaweza kuleta fedha nyingi kuliko kitabu kizima. Hapo ndipo penye hatari. Mtu akianza na kitabu kilichochakaa, kesho atakitazama na kile kizima kwa jicho lile lile.

MALI BILA DAFTARI

Wazee husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi zilizokwisha kutawanyika haziwezi kushonwa tena kwa uzi. Dawa yake ni orodha.

Mjerumani Ludwig Hain alianza kutoa mwaka 1826 orodha ya vitabu vya karne ya 15. Ilipokwisha kutoka mwaka 1838, mwenyewe akiwa amekwisha kufa, ilikuwa na namba 16,299. Baadaye Robert Proctor wa London alivipanga vitabu kwa nchi, kwa mji, kwa nyumba ya chapa na kwa herufi, akatoa orodha yake mwaka 1898. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1903, alikwenda kutembea peke yake katika milima ya Austria, asionekane tena. Alikuwa na miaka 35. Konrad Haebler naye alitumia miaka karibu 20 kuandika daftari la herufi zote zilizotumiwa na wapiga chapa hao. Yeye pia alitoa mikusanyo ya karatasi za kweli ili wanafunzi wajifunze kwa macho yao. Mwaka 1925 ilitoka juzuu ya kwanza ya orodha kuu ya Wajerumani, ambayo hata leo kazi yake inaendelea. Tangu mwaka 1980 Maktaba ya Uingereza imeunda orodha nyingine inayosomwa kwa kompyuta, yenye vitabu yapata 30,000. Katika orodha ya Wajerumani, Biblia ya mistari 42 ina namba 4201. Mwenye karatasi yake popote duniani akiandika namba hiyo, karatasi imepata jina la ukoo.

Sasa tueleze jinsi fundi anavyoitambua karatasi isiyo na jina.

Kwanza, anaosha mikono, anaiweka karatasi juu ya meza safi, naye haandiki kwa kalamu ya wino karibu nayo. Hutumia penseli tu. Haibandiki kwa gundi, wala hakati pembe zake ili zipendeze. Anapima urefu na upana wake kwa milimita.

Pili, anahesabu safu na mistari. Kisha anapima mistari 20, yaani toka chini ya mstari wa kwanza hata chini ya mstari wa 21. Kipimo hicho hubadilika kwa kila aina ya herufi. Katika Biblia ya Gutenberg ni yapata milimita 140.

Tatu, anatazama umbo la herufi. Haebler alichagua herufi kubwa M, kwa sababu wachonga herufi waliichora kwa namna nyingi sana. Katika daftari lake mna maumbo zaidi ya 100 ya M hiyo moja. Umbo la M pamoja na kipimo cha mistari 20 mara nyingi hutosha kutaja nyumba ya chapa.

Nne, anaiinua karatasi mbele ya mwanga. Karatasi za kale zilifanywa kwa mkono, kwa matambara yaliyopondwa, juu ya kichujio cha nyuzi za madini. Nyuzi zile zimeacha mistari, na mara nyingi alama pia. Katika karatasi za Gutenberg huonekana kichwa cha ng'ombe dume au kishada cha zabibu. Mistari ile mipana ikisimama wima na alama ikiwa katikati ya karatasi, kitabu kilikuwa kikubwa, karatasi yake imekunjwa mara moja tu. Mistari ikilala, na alama ikiwa penye mshono, imekunjwa mara mbili.

Tano, anasoma. Ndiyo, hatimaye lazima kusoma! Maneno yenyewe yatamwambia kama ni Biblia, sheria, sarufi au maisha ya watakatifu.

Sita, anatazama yale yasiyopigwa chapa: rangi ya herufi kubwa, maandishi ya pembeni, madoa, hata matundu ya wadudu. Tusiyadharau matundu! Mdudu hakujua mwanzo wala mwisho wa sura. Alitoboa moja kwa moja kupita karatasi nyingi. Karatasi mbili zikipatikana katika miji miwili, zenye tundu la umbo moja mahali pamoja, huenda zililala ubavu kwa ubavu miaka 300. Adui amekuwa shahidi.

Saba, anaandika yote hayo, akiongeza: karatasi hii nimeipata wapi, kwa nani, siku gani. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo wengi huisahau, nayo ndiyo ambayo hakuna mtaalamu awezaye kuibuni baada ya mwenyewe kufa.

NDUGU WANAKUTANA TENA

Je, orodha zaweza kweli kuwakutanisha waliotengwa? Tutoe mfano mmoja, ingawa ni wa kitabu cha mkono. Yapata mwaka 1290 iliandikwa Misale nzuri iliyotumika katika kanisa kuu la Beauvais, Ufaransa. Ilikuwa na karatasi 309. Mwaka 1942 ilivunjwa Marekani, na karatasi zake zikasambaa. Otto Ege alikuwa mmojawapo wa walioigawanya, na katika masanduku yake 40 karatasi namba 15 hutoka katika Misale hiyo. Namba hiyo moja imekuwa ufunguo. Mtaalamu wa Marekani, Lisa Fagin Davis, amezifuata karatasi hizo katika maktaba na nyumba za watu, akazipanga picha zake kwa utaratibu wa zamani. Zaidi ya 100 zimekwisha kuonekana. Mwaka 2015 maktaba ya chuo kikuu cha Yale ilinunua karatasi na vitabu vilivyobaki kwa jamaa ya Ege, na njia ikazidi kufunguka.

Karatasi zenyewe zimebaki mbali mbali, lakini picha zake zasimama tena katika mstari mmoja. Na mambo haya hayako mbali nasi kama zamani. Nakala nzima za Biblia ya Gutenberg zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na kijana wa Lubumbashi au wa Bukavu mwenye simu iliyounganishwa na intaneti aweza kuzifungua bila kulipa nauli ya Ulaya. Hoja ile ya Ege, kwamba mtu wa kipato kidogo hawezi kuona kitabu ila kikatwe, sasa imedhoofika sana.

KOSA LETU WENYEWE

Tungaliweza kumaliza hapo, nanyi mngalituona kuwa watu wema. Lakini haki yataka tuungame jambo moja.

Tulipoanza kufundisha, katika shule tuliyotumwa kulikuwa na kitabu kikubwa cha historia takatifu chenye picha. Jalada lilikuwa limeoza, na mchwa walikuwa wamekwisha kula karatasi za mwanzo. Tulisema moyoni: "Kitabu hiki kimekufa." Tukachukua wembe, tukazitoa picha zote, tukazibandika ukutani kwa ugali. Watoto walifurahi, na mkaguzi alipokuja alitusifu. Nyuma ya kila picha ulikuwa ukurasa mweupe, na juu yake palikuwa na maandishi ya penseli, tena hafifu. Hatukuyasoma. Tuliyapaka ugali.

Miaka miwili baadaye alikuja mzee mmoja, amevaa koti lake la Dominika, akasimama mlangoni pa darasa.

"Mwalimu," alisema, "nimesikia kile kitabu cha picha bado kipo."

"Kipo, Baba. Karibu. Picha zake ndizo hizi ukutani."

Alizitazama moja moja. Mvua ilikuwa imepita katika majani ya paa, na nyingi zilikuwa zimeoza. Kisha akauliza kwa sauti ya upole: "Na upande wa nyuma?"

Ndipo tulipojua. Mwalimu wa kwanza wa mahali pale hakuwa na daftari. Kila mwaka aliandika majina ya wanafunzi wake, pamoja na kijiji na baba ya kila mmoja, katika kurasa nyeupe za kitabu kile. Mzee alikuwa akitafuta jina la kaka yake mkubwa, aliyekufa angali kijana, asiyeacha mtoto wala picha. Hakuwa na shauri la mali wala la shamba. Alitaka tu kuliona jina lake limeandikwa.

Tulijaribu kubandua. Ugali uliokauka ulitoka pamoja na karatasi, vipande vipande, na penseli ikafutika. Mzee alitushika mkono, akasema: "Acha, Mwalimu. Hukujua." Maneno hayo yalituuma kuliko matusi.

Majuma kadhaa yakapita. Tulipohamisha kabati la darasa tulikuta karatasi moja imeanguka nyuma yake kabla ya kubandikwa. Ilikuwa na majina tisa. La kaka ya yule mzee halikuwamo, lakini lilikuwamo la rafiki yake wa utotoni. Tulimpelekea aione. Alisoma yote tisa kwa sauti, polepole, akatusimulia habari za kila mmoja aliyemkumbuka, nasi tukaandika. Karatasi ile tunayo hata leo, imelala katika bahasha safi. Juu ya bahasha tumeandika kwa penseli: imetoka kitabu gani, shule gani, imepatikana siku gani, na nani aliyekikata kitabu. Jina hilo la mwisho ni letu.

KWA BABA NA MAMA WA JAMAA

Basi, wasomaji wapenzi, fungueni leo sanduku la nyumbani. Pengine mna kitabu cha sala cha bibi, chenye tarehe za ubatizo zilizoandikwa mbele. Au daftari la kazi la babu. Au cheti kilichokunjwa hata kikaanza kukatika. Msikikate kitabu ili kuupata ukurasa mmoja uliopendeza. Mkiikuta karatasi imekwisha kutengana, msiitupe. Iwekeni palipo pakavu, mbali na mchwa na jua, ndani ya bahasha, bila gundi. Kisha mwiteni mtoto anayejua kuandika vizuri, aandike kwa penseli imetoka wapi, ni ya nani, na ninyi mnakumbuka nini juu yake. Fanyeni hivyo wangali hai wale wanaokumbuka. Na akija mzee mlangoni kuuliza habari za upande wa nyuma, mtakuwa na kitu cha kumwonyesha.